Nipo Mbeya, nataka kuanza kazi ya masoko ya mtandaoni ila sina uzoefu. Nianzie wapi?

Binti wa Uyole

Habari za majukumu wakuu. Mimi ni binti wa miaka 25, naishi Uyole hapa Mbeya. Nilimaliza diploma ya biashara mwaka juzi, nimezungusha barua za kazi mpaka nimechoka. Kwa sasa namsaidia mama mdogo kwenye duka lake la mchele pale Soweto. Tangu mwaka huu uanze nafuatilia mambo ya kutangaza biashara mtandaoni na nimeipenda hii kazi kwa moyo wote. Najua kutengeneza tangazo kwa Canva na kukata video kwa CapCut, vyote kwenye simu. Laptopu sina.

Kinachonikwamisha: kila mwenye biashara ninayemfuata ananiuliza "ulishamfanyia nani?" nami sina wa kumtaja. Halafu kuna mtu anataka nimlipe laki tatu na nusu anifundishe wiki mbili, anasema baada ya hapo wateja wa nje ni uhakika. Hela hiyo ninayo, ila ndiyo akiba yangu yote. Na bei pia sijui, mtu akiniuliza shilingi ngapi nababaika. Naombeni ushauri, hasa nyie mnaoifanya kazi hii huku Nyanda za Juu Kusini, maana mengi ninayosoma yanawahusu watu wa Dar na mazingira yetu ni tofauti.

Naomba kuwasilisha.

Mzee wa Mafiati

Mdogo wangu, hiyo laki tatu na nusu usiitoe. Anayekuhakikishia wateja anakuuzia kitu ambacho hana. Misingi yote ipo bure: HubSpot Academy wanafundisha masoko ya mtandaoni na cheti wanatoa bure, na Meta wenyewe wana Blueprint, humo utajifunza matangazo ya Facebook na Instagram kutoka kwa wenye mtandao. Gharama yako ni bando na uvumilivu wa Kiingereza.

Lakini cheti hakitakuletea mteja wa Kabwe. Umeuliza utamtaja nani, na jibu umeliandika mwenyewe bila kuliona: mama mdogo wako anauza mchele Soweto. Huyo ndiye mteja wako namba moja. Mfanyie kazi kama vile amekulipa milioni.

Nakueleza nilivyoanza mimi. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama mwenye saluni. Nilimpostia miezi miwili, siku moja nikamwonyesha posti yenye laiki zaidi ya 900. Yule mama akaniangalia, akaniuliza: "Sasa mwanangu, ni vichwa vingapi vimesukwa?" Sikuwa na jibu. Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake nikanunua daftari, nikamwomba binti wa mapokezi amuulize kila mteja mpya swali moja tu, "umetufahamu kupitia wapi?", aandike tarehe na jibu. Baada ya mwezi tuligundua wengi wanatoka kwenye stetasi za WhatsApp za wateja wenyewe, siyo Instagram niliyokuwa nahangaika nayo. Nikabadilisha kazi yote. Lile daftari ndilo lililonipatia mteja wa pili, na wa tatu.

Kwa hiyo wewe anza hivi. Fungua WhatsApp Business kwa laini ya duka, weka katalogi: aina ya mchele, bei kwa kilo, bei ya gunia, picha halisi. Picha usipige ndani chini ya taa, mchele unatoka wa njano na mtu atadhani ni wa zamani. Toa ungo nje kivulini asubuhi, mwaga mchele wa Kyela, chota kwa mkono uache punje zidondoke, piga kwa karibu. Mtu wa Dar akiiona ile picha anaanza kuisikia harufu. Video ya sekunde 15 ya kupepeta inatosha kabisa.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui: kwenye WhatsApp orodha moja ya kutuma kwa wengi inabeba watu 256, na ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba yenu. Ukituma kwa watu 200 ambao hawajawahifadhi, umejitumia mwenyewe. Mteja akiwa bado amesimama kaunta, mwombe atoe simu ahifadhi namba hapo hapo.

Kisha weka duka kwenye ramani ya Google. Ni bure. Siku hizi mara nyingi wanataka video ya uthibitisho: uonyeshe barabara, kibao cha duka, halafu uonyeshe kwamba mnalisimamia kweli, kwa mfano mama mdogo akifungua kufuli kwa ufunguo wake. Kama duka halina kibao, kapakeni rangi ukutani kwanza, hiyo nayo ni kazi ya masoko.

Mbao Mafinga

Mimi nachangia kama mwenye biashara. Nina yadi ya mbao hapa Mafinga. Miaka mitatu iliyopita nilimpa kijana mmoja kazi ya kunifungulia ukurasa. Alikuwa na bidii kweli, tulifika wafuasi kama 4,000, nilikuwa napigiwa simu mpaka kutoka Mwanza. Tatizo alifungua kila kitu kwa barua pepe yake na namba yake. Akahamia Dodoma, laini akaibadilisha, tukapotezana. Mpaka leo mteja akitafuta jina la yadi yangu anaukuta ukurasa ule ule, anapiga namba haipatikani, anadhani nimefunga biashara. Inaniuma kila nikikumbuka.

Binti, ukitaka sisi wenye biashara tukuamini, siku ya kwanza tu mwambie mtu: "Mzee, akaunti tunaifungua kwa jina lako na namba yako, mimi utaniongeza kama msimamizi, siku ukinichoka unanitoa." Google na Facebook vyote vinaruhusu hivyo. Kwa kauli hiyo tu mimi ningekupa kazi bila kuuliza umewahi kumfanyia nani.

Mtafutaji 88

Mbeya watu hawalipi dada. Mwenye duka anaona kupost ni kazi ya mtoto wake akitoka shule. Panda basi uende Dar.

Mzee wa Mafiati

Mkuu Mtafutaji, nakukatalia kwa heshima. Wanaokataa kulipa ni wale tunaowaambia "nitakupostia". Hata mimi nisingelipa. Mwambie muuza pembejeo wa Uyole kwamba mkulima wa Mbarali anayetafuta mbegu ataweza kumpata kwa simu na utamwonyesha idadi ya waliouliza, uone kama hatasikiliza. Na hapo Uyole kuna uwanja wa John Mwakangale. Nane Nane ikifika, wafanyabiashara wa mikoa yetu wanajaa pale, wengi wana bidhaa nzuri na hata picha moja ya maana hawana. Dar aende akafanye nini?

Kuhusu bei: mimi nilianza na 80,000 kwa mwezi kwa biashara moja, nusu mkononi kabla sijagusa simu. Hela ya tangazo la kulipia haiingii humo. Mteja ailipe mwenyewe kwa kadi yake, aone inavyokatwa. Usichukue hela ya mtu ya matangazo ukaipitisha kwako, ikitokea akaunti imefungiwa utaonekana mwizi.

Gangilonga

Nipo Iringa, nafanya na wateja wa nje, basi niseme ukweli wa upande huo. Kwenye Upwork, mtandao wa kutafuta kazi za wateja wa nje, unaomba kazi kwa kutumia vitu vinaitwa Connects, na vikiisha unanunua kwa dola. Mimi nilikaa miezi mitano bila kupata kazi hata moja, na nilikuwa na laptopu na Kiingereza kizuri. Niliyoipata mwishowe ilitokana na picha na maandishi niliyoifanyia nyumba ya wageni inayopokea watalii wa Ruaha. Yaani kazi ya nyumbani ndiyo iliyonifungulia ya nje. Kwa hiyo sikukatishi tamaa, ila usianzie huko kwa simu.

Na tafadhali sana: anayekuita Telegram akakwambia ulaiki video ulipwe, au ulipe ada kidogo ndipo upewe kazi, mkimbie. Nimeona wadogo zetu wa chuo wakiliwa ada ya muhula kwa njia hiyo.

La mwisho, usinunue orodha za namba za simu kwa ajili ya kutuma SMS. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Namba ya mtu ni mali yake, itumie kwa kile alichokupa ridhaa.

Binti wa Uyole

Wakuu shikamooni, ni wiki tatu sasa, narudi na mrejesho.

Yule wa kozi nimemjibu hapana. Picha za ungo nimepiga, nilirudia siku tatu maana asubuhi za huku ukungu ukishuka hakuna mwanga, ikabidi nisubiri saa nne. Kibao tumepaka, video ya Google mama mdogo alifungua kufuli kwa aibu lakini ilipita. Daftari lipo kaunta: waliouliza kupitia WhatsApp ni 11, walionunua 4, na mmoja kati yao alichukua gunia zima tukamtumia kwa basi Dodoma. Mama mdogo amesoma lile daftari mara mbili, hajasema kitu, ila jana ameninunulia bando la mwezi.

Jana hiyo hiyo jirani yetu anayeuza pembejeo aliniita, akauliza ninachomfanyia mama mdogo ni shilingi ngapi. Nikamwambia 70,000 kwa mwezi, nusu kwanza, na akaunti zitakuwa za kwake. Sauti ilitetemeka lakini nilisema. Amenijibu nije Jumamosi na karatasi ya makubaliano.

Mbao Mafinga, kama hutojali, naomba uniambie ungependa karatasi hiyo iandikweje, nikaiandike leo usiku. Ndaga fijo, asanteni sana.

Mbao Mafinga

Andika vitu vinne tu, ukurasa mmoja: utafanya nini kila wiki, utalipwa lini, akaunti ni za nani, na mkiachana unakabidhi nini. Msaini wote wawili, kila mtu abaki na nakala. Ukimaliza kwa huyo, nitumie ujumbe inboksi. Ule ukurasa wangu bado unanisumbua.