Naombeni ushauri: testosteroni yangu iko chini, je, nianze sindano?

Mkazi wa Buruburu: Ndugu zangu, huu ni mwaka wa tatu mimi na mke wangu tunatafuta mtoto. Yeye amepimwa, hakuonekana na tatizo. Wiki iliyopita nilipotoka kazini nilipitia maabara moja hapa mjini, saa kumi jioni, nikatolewa damu, na majibu yakaonyesha testosteroni, homoni ya kiume, ya nanogramu 260 kwa desilita. Mhudumu alinihimiza nianze sindano za homoni hiyo mara moja. Nikubali?

Fundi wa Maabara: Ndugu yangu, tafadhali usichomwe sindano hiyo. Testosteroni huwa juu asubuhi na hushuka kadiri siku inavyosonga, ndiyo maana damu hutolewa kabla ya saa nne asubuhi, mtu akiwa hajala, na kipimo hurudiwa siku nyingine kabla ya kusema kwamba ana upungufu. Lililo zito zaidi ni kwamba testosteroni ya kudungwa huifanya tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, ipunguze LH na FSH, homoni zinazoziamuru korodani zifanye kazi, na mbegu zinaweza kupungua hata zisionekane kabisa. Anayetafuta mtoto hapewi dawa hiyo. Je, umepima manii?

Mkazi wa Buruburu: La, nilidhani damu inatosha.

Mzee wa Umoja: Haitoshi, kaka. Mimi nilikwepa kipimo cha manii kwa haya, nikapoteza mwaka mzima. Nilipokubali, mbegu hazikuonekana. Damu ikaonyesha testosteroni chini na FSH na LH juu sana, maana yake pituitari ilikuwa ikiamuru na korodani haziitikii. Kipimo cha kromosomu kikathibitisha XXY, yaani nina kromosomu X moja ya ziada, hali iitwayo Klinefelter. Iliniuma, lakini angalau nilijua.

Fundi wa Maabara: Kama LH na FSH zingekuwa chini, au za kawaida tu ilhali testosteroni iko chini, daktari angeichunguza pituitari yenyewe na kupima prolaktini, homoni nyingine ya tezi hiyo. Tena, mtu aweza kuwa na homoni sawa na korodani za ukubwa wa kawaida, na bado asionekane na mbegu kwa sababu mirija imeziba. Kwa hiyo anza na manii, baada ya siku 2 hadi 7 bila kumwaga.

Mkazi wa Buruburu: Nimewaelewa, asanteni. Leo jioni nitamweleza mke wangu, na Jumatatu nitakwenda kwa daktari wa mfumo wa mkojo na uzazi asubuhi, kabla ya kunywa chai.