Nimemkabidhi Mungu maisha yangu, mbona naamka saa tisa usiku kupiga hesabu?

Baba_Watatu (mleta mada)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nimeokoka miaka 11 sasa. Jumapili nafundisha watoto, na wiki iliyopita somo lilikuwa mana, kile chakula Mungu alichowashushia Waisraeli jangwani: waliambiwa waokote ya siku moja, na waliobakiza ya kesho wakaikuta imeingia mabuu na inanuka. Watoto walicheka sana walipofika kwenye mabuu. Mimi nilisimama mbele yao nikijua kwamba usiku wake niliamka saa tisa, nikakaa jikoni na daftari, nikipiga hesabu akiba itatufikisha mwezi gani.

Mkataba wangu wa kazi uliisha na haukuongezwa. Huu ni mwezi wa nne. Kuna nafasi nimeiona, wanataka uzoefu wa miaka mitano. Mimi ninao wa mitatu. Rafiki yangu amejitolea kuniandikia barua ya miaka mitano, na anafanya hivyo kwa kuwahurumia watoto wangu, si mtu mbaya. Anasubiri neno langu tu.

Nina maswali mawili, ila kadiri ninavyowaza naona ni moja. Mtu aliye wa Mungu kweli huogopa hivi? Na nikiikataa hiyo barua, nitakuwa nimemtumaini Mungu, au nitakuwa nawatesa watoto kwa ajili ya msimamo wangu? Naomba msinijibu "mwachie Mungu". Nimeshamwachia mara nyingi, na kukicha najikuta bado nimebeba.

Mpanda_Mbegu

Pole sana kaka. Mimi ningeichukua. Kazi unaiweza, miaka miwili si kitu, na Mungu hutazama moyo. Rahabu, yule mwanamke wa Yeriko aliyewaficha wapelelezi wa Israeli, alisema uongo na bado jina lake limo kwenye orodha ya watu wa imani.

Mama_Zamu

Mwanangu Baba_Watatu, pole. Nimesoma ulichoandika mara mbili kabla ya kujibu.

Kwanza Rahabu. Waebrania 11 inamsifu kwa kuwapokea wapelelezi, akiweka shingo yake rehani kwa ajili ya wageni. Maneno aliyowaambia watu wa mfalme hayakusifiwa popote. Mpanda_Mbegu, sikugombezi, ila hiyo ni nguo ya mtu mwingine, haimtoshi ndugu yetu.

Sasa hofu yako. Mume wangu alilazwa wiki saba. Mimi nilikuwa nafanya kazi ya zamu za usiku, na kila nikikaa kando ya kitanda chake nilikuwa nasema, "Bwana, huyu ni wako," kisha dakika kumi baadaye moyo unapiga kama ngoma. Nilijiona mnafiki. Kilichonisaidia ni neno moja katika 2 Timotheo 1:12, Paulo anaposema anamjua yeye aliyemwamini, na kwamba aweza kukilinda kile alichokiweka amana kwake. Amana. Imani na amana yametoka shina moja katika Kiarabu, na sisi tumeyapokea yote mawili bila kuona kwamba ni ndugu. Ukiweka kitu amana kwa mtu mwaminifu, unaweza kulala na unaweza kukosa usingizi. Unaweza hata kumwendea usiku ukamgongea mlango na kumwuliza kama kipo. Kukosa usingizi hakukitoi kitu pale kilipo, kwa sababu anayekilinda si wewe.

Mume wangu alifariki. Nalisema wazi usije ukadhani nakuuzia dawa ya kupata unachoomba. Nilikuwa nimemweka kwa Bwana, na mpaka leo yuko huko.

Kinachoitoa amana ni kwenda kuichukua kwa mkono wako. Hapo ndipo naiona ile barua. "Ninyi si mali yenu wenyewe," ndivyo walivyoambiwa Wakorintho. Basi jina lako nalo lina mwenyewe, na kuliandika chini ya miaka usiyoifanya ni kulitumia kama lako. Daftari la jikoni halijakuondoa mikononi mwake hata kidogo. Barua ni jambo jingine.

Na kuna kitu hujakisema, nami nauliza kama mama: nani mwingine anajua kuhusu hilo daftari? Paulo huyo huyo, akiwa amefungwa, katika waraka huo huo anamwomba Timotheo amletee joho aliloliacha kwa Karpo huko Troa, na ajitahidi kufika kabla ya wakati wa baridi. Mtu aliyeweka roho yake amana kwa Mungu aliomba nguo ya baridi akiitaja kwa jina, na akasema ilipo. Nawe omba joho lako, mwanangu.

Mpanda_Mbegu

Mama, hilo la joho sikuwahi kuliona. Nimeelewa. Kaka, nisamehe, niliongea haraka.

Mtu_wa_Mlango

Nyongeza fupi. Peleka maombi hayo hayo ukiandika mitatu, na ueleze ulichokifanya ndani ya hiyo mitatu. Wakikataa, wamekataa mtu wa kweli.

Baba_Watatu (mleta mada)

Mama_Zamu, umeniuliza nani anajua. Hakuna aliyekuwa anajua, hata mke wangu. Alijua kazi imeisha, hakujua hesabu zimefika wapi. Nilimficha nikidhani namlinda, na sasa naona nilikuwa nimejifanya mimi ndiye mwenye kulinda kila kitu.

Rafiki yangu nimemjibu jana. Nilimshukuru, nikamwambia sitaitumia barua. Alinyamaza kidogo, kisha akasema ataniulizia kwingine. Maombi nimeyapeleka na miaka yangu mitatu. Ijumaa nitawaambia ndugu wa kikundi chetu cha maombi tunahitaji nini, kwa jina na kwa kiasi. Nikiwaza tu namna ya kuanza, koo linakauka.

Usiku wa kuamkia leo niliamka tena saa tisa. Nilipofika jikoni nikamkuta mke wangu, daftari liko mbele yake, ameshawasha taa.