Joto la kukaribia kukoma hedhi, na damu ilishawahi kuniganda mguuni

Shoga zangu wa Tanga, nina miaka 47, hedhi inakuja inavyotaka yenyewe, usiku kanga inalowa jasho chapachapa na feni inazunguka. Sasa mie nilishaganda damu mguuni baada ya kujifungua, na presha natumia dawa, jirani huku Ngamiani kanipa vidonge vyake vya homoni ati nijaribu. Nimeze?

Mama Mwana: Usimeze dada! Vidonge vya estrojeni, ile homoni ya kike, vinaongeza hatari ya damu kuganda na wewe ishakupata. Ya kubandika kwenye ngozi au jeli haionekani kuongeza hivyo, ila aamue daktari anayejua historia yako, nenda hospitali ya Bombo na kadi zako zote, hata ile ya kliniki ya uzazi.

Bi Chumbageni: Zipo zisizo na homoni, gabapentini au zile za sonona kwa dozi ndogo, joto linapungua. Ila venlafaksini, mojawapo ya hizo za sonona, inaweza kupandisha presha so sema mapema unachomeza.

Wa Pangani: Na hedhi ikitoka mabonge mabonge kapime, msiseme umri tu. Halafu mimba bado inaingia jamani, kitinda mimba wangu nimempata na 46 😂