Wakuu, data za mita janja zinaweza kunichorea ramani ya laini?

Fundi_Mufindi
Kamwene wakuu. Niko huku Mufindi kwenye kamradi kadogo ka umeme wa maji, tuna transfoma nne na wateja kama mia tatu, wengi fezi moja (waya mmoja wa moto) volti 230, wachache wenye mashine za kusaga na kupasua mbao wako fezi tatu volti 400. Shida yangu ni ramani. Waliojenga laini walishaondoka, mchoro waliotuachia unaonyesha nguzo ambazo zilioza zamani zikabadilishwa, halafu kila masika mti ukiangukia laini fundi anapanda usiku kwenye mvua anamrudishia mteja umeme kwenye waya wowote anaoufikia, kesho yake hakuna anayeandika. Sasa transfoma ya tatu kuna fezi inazidiwa, fyuzi inaungua karibu kila siku kuanzia saa moja jioni, nataka nihamishe wateja baadhi waende fezi zenye nafasi ila sijui nani yuko wapi. Tuna mita janja zinatuma volti, ampea na uniti kila dakika 15. Hizo data zinaweza kunisaidia au nipande tu nguzo moja moja? Tuko mafundi wawili.

Umeme_Uyole
Inawezekana kabisa mkuu, tena uniti ziache pembeni kwanza, angalia volti. Wateja wa fezi moja wanakula kwenye waya mmoja, kwa hiyo fundi wa kuchomelea akianza kazi volti inashuka kwake na kwa wenzake wote wa fezi hiyo, aliye karibu na transfoma anashuka kidogo, aliye mbele ya huyo fundi kuelekea mwisho wa laini anashuka sawa naye. Wa fezi nyingine hawashuki, mara nyingi wanapanda kidogo, maana umeme unarudi kwa nyutro, ule waya wa kurudishia wa fezi zote, na nyutro ikiwa ndefu volti yake nayo inasogea. Hapo ndipo unapowatenganisha.

Ila usilinganishe volti kama ilivyo, utadanganyika, kwa sababu jenereta lenu likipanda wote wanapanda likishuka wote wanashuka, utaona kijiji kizima kama fezi moja. Linganisha mabadiliko. Chukua volti ya sasa utoe ya dakika 15 zilizopita, fanya hivyo wiki mbili au tatu, halafu kila mteja mpime na kila mwenzake kwa CORREL ya Excel, ile fomula ya kupima mfanano. Wanaopanda na kushuka pamoja wanakaribia 1, hao ni kundi. Makundi ukishayapata, jina la fezi utalipata kwa wale wa fezi tatu, maana mita zao zinasoma fezi zote tatu kila moja peke yake.

DadaMita_Iringa
Naongezea kwa kaka wa Uyole. Kabla hujafanya chochote kagua saa za mita. Mita ambayo saa yake imepotea dakika 15 inaonekana haifanani na mtu yeyote, utadhani mteja ana laini yake mwenyewe kumbe ni saa tu. Data zake zisogeze mbele hatua moja, zikikataa zirudishe nyuma hatua moja, angalia kama mteja anaingia kwenye kundi. Na uliza mita zenu zinatuma wastani wa dakika 15 au volti ya sekunde ile ile tu ya kusoma. Kama ni ya sekunde ile, saa zikitofautiana hata dakika moja mfanano unaharibika, utahitaji siku nyingi zaidi.

Halafu mashine ya kusaga usiitegemee kutafuta fezi. Mota ya fezi tatu inavuta fezi zote sawa sawa, wote wanashuka pamoja. Hiyo itumie kujua nani yuko transfoma ipi, maana mashine ikianza wa transfoma ile wanashuka kuliko wa zingine.

MzeeWaLaini
Wanangu hesabu zenu nzuri lakini ipo njia isiyobishaniwa. Toa fyuzi ya fezi moja pale transfoma, kaa nusu saa au zaidi ili usomaji usipungue mmoja, mita zote zilizonyamaza ziko fezi hiyo. Ila tangazieni kwanza, na wenye mashine wazime kabla hujagusa fyuzi! Mota ya fezi tatu ikibaki na fezi mbili inaendelea kuzunguka inanguruma, waya zake zinaungua, na mwenye mashine amekopa hela ya kuinunua. Niliona moja imeungua hivyo na harufu yake siisahau.

DadaMita_Iringa
Shikamoo mzee, hapo umesema kweli tupu. Nadhani afanye zote mbili, fyuzi inampa fezi ya leo, data zinamwambia wiki ijayo nani kahamishwa usiku wa mvua, na pia nani yuko mwanzo wa laini na nani mwisho, kitu ambacho fyuzi haisemi.

Fundi_Mufindi
Nimerudi wakuu, asanteni sana. Transfoma ya tatu ina wateja 74, kwa volti makundi matatu yalitoka wazi, 41 walikuwa kundi moja! Jumapili tukatangaza, mashine zikazimwa, tukatoa fyuzi kama mzee alivyosema. Data ilikosea wateja watatu tu, wawili ni saa za mita kama dada alivyosema, nyumba ya tatu iko karibu kabisa na transfoma volti yake haichezi hata kidogo.

Kilichonishtua ni mama mmoja mwenye friji na pasi. Yuko kundi sahihi ila akipiga pasi, ampea kama 9 hivi, volti yake peke yake inashuka 18 na jirani wa nguzo hiyo hiyo hashuki hata 2. Nikagawa 18 kwa 9 nikapata ohm 2, waya wa mita 30 hauwezi kuwa na ohm 2. Nikapanda. Shaba ilikuwa imesokotwa tu juu ya aluminiamu bila klampu, mahali pa kuunga pamekuwa unga mweupe na plastiki imeyeyuka mpaka karibu na paa, na paa ni la nyasi. Nimekata, nimefunga klampu inayotakiwa, sasa anashuka volti 3.

Nimehamisha 16 kutoka lile kundi kubwa, nane kila fezi, nimechagua wa mwisho wa laini kwanza. Leo siku ya nne fyuzi ipo. Kesho naanza transfoma ya pili.