Mgeni kati ya magenge mawili: kuazima kisa kunaishia wapi?

KalamuNzito:
Wakuu, naandika muswada wa filamu. Mgeni anafika mji wenye magenge mawili, anajiunga na moja, kisha la pili, anayachonganisha mpaka yanamalizana. Najua kisa hiki kimo kwenye Yojimbo, filamu ya Kijapani. Nimebadilisha nchi, majina na silaha. Hapo bado nahitaji ruhusa?

MezaYaMiswada:
Mkuu, nchi na silaha ndivyo alivyobadilisha mwongozaji Sergio Leone. Yojimbo ya Akira Kurosawa ilitoka 1961. Mwaka 1964 Leone akatoa A Fistful of Dollars, panga zikawa bastola, na haki hazikuwa zimenunuliwa. Toho, studio ya Yojimbo, ikadai, na suluhu ikawapa Wajapani asilimia 15 ya mapato ya dunia nzima. Waliotengeneza The Magnificent Seven (1960) kutokana na Seven Samurai (1954) walishika haki kwanza.

Sheria hailindi wazo tupu. Mgeni anayechonganisha magenge ni wazo, yeyote anaweza kuliandikia. Kinacholindwa ni jinsi lilivyofumwa: matukio, mpangilio wake, wahusika, maneno yao. Pima hivi. Itazame filamu ya zamani huku ukiandika kila tukio kwenye kadi yake: nani anataka nini, nani anamzuia, nini kimebadilika mwishoni. Filamu ya saa mbili hutoa kadi kama 40 hadi 60. Fanya hivyohivyo kwa muswada wako, kisha panga safu mbili sambamba. Kadi tatu zinazofanana, zilizotawanyika, hazinitishi. Hatari ni mfululizo: shujaa anamkomboa mama aliyezuiliwa, anagundulika, anapigwa vibaya, anatoroshwa ndani ya jeneza, anapona, anarudi kuwamaliza. Mnyororo huo umo kwenye Yojimbo na kwenye ile ya Leone. Ukiwa nao na wewe, nunua haki au uuvunje.

ChumbaChaUhariri:
Niongeze upande wa ufundi. Badiliko lenye thamani ni lile linalolazimisha matukio mengine yaandikwe upya. Filamu ya His Girl Friday (1940) ilimgeuza mwandishi wa habari wa kisa cha awali, The Front Page, kutoka mwanamume kuwa mwanamke, tena mtalaka wa mhariri wake, na kila ubishi wa kazini ukawa pia ugomvi wa mapenzi. Kinyume chake ni Psycho ya 1998. Gus Van Sant aliifuata ile ya Hitchcock (1960) karibu picha kwa picha, na hofu ikapwaya, maana mtazamaji anajua kisu kitatokea wapi.

KalamuNzito:
Shukrani, nimeelewa. Na nikianzia kwenye kitabu ambacho muda wa hakimiliki umekwisha, je?

MezaYaMiswada:
Ruksa, ila chukua kilichomo kitabuni tu. Riwaya ya L. Frank Baum, The Wonderful Wizard of Oz (1900), iko huru, na humo viatu anavyopewa Dorothy ni vya fedha. Vile vyekundu vililetwa na filamu ya MGM ya 1939, ambayo nchini Marekani bado inalindwa. Kwa hiyo soma kitabu, andika kadi zako zote, ndipo utazame filamu. Ukianza na filamu, kumbukumbu itakuchomekea cha wengine bila wewe kujua. Tena muda wa hakimiliki hutofautiana nchi kwa nchi. Hakiki kila nchi ambako filamu itaonyeshwa.