Acheni kulinganisha kamera kwa megapikseli huku mkificha ukubwa wa kihisi

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, nayo inawahusu wauzaji na wachambuzi ambao huziweka kamera mbili kwenye jedwali moja, wakaandika "megapikseli 20" kwa hii na kwa ile (yaani nukta, au pikseli, milioni 20 zinazounda picha), kisha wakatuambia kwamba ubora wa picha ni sawa na kilichobaki ni kuchagua lenzi inayovuta mbali zaidi. Niliwaamini, nikanunua.

Kamera yangu ina kihisi, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga na kuunda picha, kinachoitwa cha inchi 1/2.3, ya dada yangu ina cha inchi 1. Jioni moja tulimpiga picha mwanawe akiwa amekaa chini ya taa, kamera zote mbili zikiwa ISO 1600 (kiwango cha wepesi wa kamera kwa mwanga), tundu la lenzi f/2.8 (uwazi wa kupitishia mwanga) na kasi ileile ya kufunga. Katika picha ya dada, kope za mtoto zinahesabika mojamoja. Katika yangu zimeungana zikawa utepe mmoja wa kahawia, na nywele zake nyeusi zimejaa madoa ya zambarau.

Kihisi changu kina takribani milimita 6.2 kwa 4.6, cha dada 13.2 kwa 8.8, yaani eneo lake ni takribani mara nne ya langu. Kwa kuwa idadi ya pikseli ni ileile, kila pikseli yake ilipokea mwanga takribani mara nne ya yangu. Pikseli iliyokosa mwanga huzaa chembechembe, yaani madoa kama yale ya zambarau, na programu ya kamera inapozifuta chembechembe hizo hufuta na kope.

Kinachonikera zaidi ni hizo inchi. Inchi 1 ni milimita 25.4, lakini kihisi hicho, hata ukikipima kona kwa kona, hakizidi milimita 16. Jina limerithiwa kutoka kwenye mirija ya kioo ya kamera za televisheni za miaka ya 1950, iliyotajwa kwa kipenyo cha nje cha mrija wenyewe, wala si kwa sehemu iliyopokea picha. Mnunuzi akisoma 1/2.3 anadhani anapata karibu nusu ya kile kikubwa, kumbe eneo halifiki hata robo!

Andikeni urefu na upana wa kihisi kwa milimita, juu ya megapikseli, kwa herufi za ukubwa uleule. Jedwali lililonifanya ninunue nimelitazama tena leo asubuhi, na bado halina kipimo hicho.