Naomba ushauri: kichochoro chetu Nyalenda kimezibwa na nyumba

Mwana wa Nyalenda:
Ndugu zangu, salamu kutoka Kisumu. Hapa Nyalenda sehemu kubwa ya ardhi si ya serikali. Ni mashamba ya ukoo yenye hatimiliki, ambayo wazee waliwagawia wana wao, nao wana wakajenga nyumba za kupanga hadi ukingoni. Kichochoro kinachohudumia ploti zetu 14 sasa kinatosha mkokoteni mmoja. Lori la kunyonya vyoo halifiki, kwa hiyo vijana hubeba uchafu kwa ndoo usiku, na mvua ikinyesha maji hujaza mashimo ya vyoo, ilhali kisima tunachofulia kiko hatua 12 tu kutoka choo cha jirani. Tunataka njia ya mita 6, lakini wenye ploti wawili wa mbele wanasema watapoteza vyumba huku wa nyuma wakifaidi bure. Tuanzie wapi?

Mpima wa Kakamega:
Ndugu, hao wawili wana haki kulalamika. Pimeni ploti zote, kila moja ichangie kulingana na ukubwa wake, na wale ambao njia haiwagusi wawafidie wanaobomolewa vyumba. Kisha makubaliano yasibaki kwenye daftari la kikao: mpima mwenye leseni arekebishe mipaka na njia isajiliwe kuwa ya umma. Nimeshuhudia ahadi ya mdomo ikifa siku mzee aliyeitoa alipozikwa, mrithi akajenga duka katikati ya njia.

Mpangaji wa Manyatta:
Mbona sisi wapangaji hatutajwi? Tafadhali waandikeni wote wanaoishi katika vyumba vitakavyoguswa, na msibomoe hata kimoja kabla vyumba vya badala havijawa tayari, kwa sababu mama mwenye watoto watatu hawezi kulala barabarani akingojea mpango ukamilike.

Mkazi wa Mukuru:
Dada yangu hapo juu amesema kweli. Mwaka 2017 kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru, mtaa wetu wa mabanda, kuwa eneo maalumu la kupangwa, na wakazi, wengi wao wapangaji, wakakaa katika vikundi vya nyumba kumi kumi kujadili barabara, maji na vyoo. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inaruhusu kaunti yenu kufanya hivyo pia. Kwenu naona ni rahisi zaidi, kwa kuwa wenye hati ni majirani mnaokutana nao kila siku.

Mwana wa Nyalenda:
Asanteni sana. Jumamosi tutapima kwa kamba, na wapangaji tutawaita. Limebaki swali moja: ploti 2 bado ziko kwa jina la marehemu baba yao. Je, wana wanaweza kutia saini?

Mpima wa Kakamega:
Hapana. Atakayetia saini ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Anzeni na hilo hata kabla ya kamba, maana ndilo litakalowachelewesha kuliko yote.